Dalali akitoa zawadi, watu watasema amekula sana?

Shikamoo Anti,

Mimi ni dada wa miaka 34, dalali hapa Dar es Salaam, upande wa Tabata na Segerea. Miaka yote nimekuwa nikipangisha vyumba na fremu za maduka: mteja akipata chumba, ananilipa kodi ya mwezi mmoja, tunaagana, yamekwisha. Sasa nimepata mauzo ya nyumba kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana nakuandikia.

Nyumba ina vyumba vitatu, fensi, chumba kimoja cha uani na mwembe mkubwa wa dodo. Imepata mteja kwa milioni 95. Muuzaji ni mama mjane, mwalimu mstaafu, mtaa mzima unamwita Mwalimu. Mirathi ya mumewe imekamilika, watoto wote wanne wameridhia, na yeye anahamia Dodoma kwa binti yake kwa sababu miguu inamsumbua. Mtoto wake mkubwa wa kiume amekubali ila kwa kununa. Anasema nyumba imeuzwa kwa bei ya kutupa.

Wanunuzi ni vijana. Mume ni fundi magari, mke ni nesi na ana ujauzito wa miezi sita. Mume Mwislamu, mke Mkristo. Akiba yao wamejazia kwa mkopo wa SACCOS, kwa hiyo najua kila shilingi ina uchungu.

Udalali ni asilimia tano, na nagawana nusu kwa nusu na mwenzangu aliyewaleta wateja. Kwangu inabaki 2,375,000. Nimetenga laki tatu ya zawadi. Nimeona mitandaoni madalali wa Marekani, siku ya kukabidhi funguo wanampa mteja kikapu cha mvinyo na chokoleti, au ubao wa kukatia mboga uliochongwa jina la familia. Nikaona na mimi nifanye kitu, watu wajue kuna dalali mwenye ustaarabu.

Mwenzangu amecheka mpaka machozi. Anasema, "Dalali akitoa zawadi watu watajua amekula sana. Chukua chako, zima simu."

Mawazo niliyonayo ni haya: saa za ukutani zenye picha yangu na namba ya simu, au seti ya glasi, au kikapu kama kile cha Wamarekani. Kwa Mwalimu nilifikiria na keki imeandikwa "Hongera Mwalimu". Nataka pande zote mbili zipate kitu kilekile ili mtu asione mwenzake amependelewa, na nikabidhi Alhamisi ijayo siku ya kusaini kwa wakili, tupige na picha za kuweka status. Mwalimu amepewa wiki nne baada ya hapo ndipo atoe funguo.

Jambo la mwisho: mwenyekiti wa mtaa na yule afisa wa ardhi anayeshughulikia faili letu, niwape nini?

Dalali wa Segerea

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mwenzako, maana neno lake limekukaa rohoni kuliko unavyosema. Zawadi haimfanyi mtu aonekane amekula sana. Kinachomfanya aonekane hivyo ni udalali usioeleweka. Kama kwenye makubaliano imeandikwa asilimia tano, nani analipa, lini, na wewe umetoa risiti, basi hata ukimpa mtu ng'ombe hakuna wa kukunyooshea kidole. Lakini kama kuna "cha juu" mlichoweka katikati, Mwalimu akiambiwa bei moja na vijana bei nyingine, hapo zawadi yoyote itanuka. Sisemi mmefanya hivyo. Nasema hakikisheni hesabu hiyo imelala vizuri kabla hujaingia dukani. Na kama kuna ufa kwenye ukuta au maji yanaingia jikoni wakati wa masika na vijana hawajaambiwa, waambie leo. Seti ya glasi haizibi ufa.

Saa za ukutani zenye picha yako, hapana. Watu wamekopa SACCOS ili waachane na kumtazama mwenye nyumba kila mwezi, halafu wewe unataka wakutazame dalali kila wakiangalia saa! Namba yako wanayo kwenye simu. Wakifurahi watakutafutia wateja wenyewe. Zawadi yenye namba ya simu ni tangazo, na anayepewa analijua hilo kabla hajamaliza kufungua karatasi.

Kikapu cha mvinyo kiache pia, sababu unaijua: mume Mwislamu, mke mjamzito. Wamarekani wenyewe usiwaonee gere sana. Mamlaka ya kodi ya kule humruhusu mfanyabiashara kuhesabu dola 25 tu kwa kila mtu kwa mwaka kama gharama ya zawadi, na kiwango hicho hakijapanda tangu miaka ya 1960. Vile vikapu vikubwa unavyoviona, sehemu kubwa ni ya kamera.

Hilo la kitu kilekile kwa pande zote mbili ndilo ninalolipinga zaidi. Hawa watu wamekutana kwa wakili, lakini mmoja anaingia na mwingine anatoka. Vijana wanahitaji kitu cha kuanzia maisha ndani ya nyumba. Mwalimu anafunga mizigo. Ukimpa seti ya glasi umemwongezea cha kufunga kwa magazeti ili kisipasuke njiani kwenda Dodoma.

Tuanze na vijana. Zawadi yao mimi ningeifanya vitasa. Najua unacheka. Hebu hesabu funguo za nyumba ile ziko wapi: Mwalimu anazo, watoto wanne huenda kila mmoja ana yake, dada wa kazi aliyeondoka, mpangaji wa chumba cha uani, fundi bomba aliyeachiwa mara moja akaja nao kesho yake. Mwenzako alikuwa nao wakati wa kuonyesha wateja, na wewe pia. Mke wa watu atakuwa zamu ya usiku au atakuwa peke yake na kichanga, na hajui ni watu wangapi mjini wanaweza kumfungulia mlango. Wengi wakihamia hili hulikumbuka baada ya mwezi, pesa ikiwa imeisha.

Kwa hiyo mwambie mume mapema kwamba siku ya kukabidhiwa funguo utakuja na seremala. Mlango wa mbele, mlango wa jikoni na kufuli la geti. Kabla hujanunua, nenda na futi upime kitasa cha zamani, au umwombe Mwalimu seremala akifungue mara moja mkipime vizuri, kwa sababu ukinunua saizi isiyolingana itabidi mlango uchongwe upya, na mlango wa mninga ukichongwa vibaya umeharibu zawadi na nyumba. Nunua vya chuma kizito, si vile vinavyong'aa dukani na kulegea mkono baada ya miezi sita. Vitasa viwili, kufuli na ufundi vitakula kama nusu ya laki tatu yako. Funguo zibaki kwenye pakiti yake, pakiti aifungue mwenye nyumba mwenyewe, wewe usishike hata mmoja. Risiti waachie, ina garantii yao.

Cha pili hakina gharama kubwa ila kina kazi: faili. Lile la plastiki la vifungo, la kawaida kabisa. Ndani weka nakala ya mkataba wa mauzo, risiti za kodi ya ardhi zilizolipwa, namba ya mita ya umeme ya LUKU, namba ya akaunti ya maji ya DAWASA, na karatasi moja uliyoiandika kwa mkono wako. Kwenye karatasi hiyo andika mambo ambayo hakuna mkataba unaoyataja: shimo la maji taka liko upande gani na mfuniko wake uko chini ya nini, koki kuu ya maji inafungwa wapi, maji ya bomba hutoka siku gani, gari la taka hupita lini, fundi umeme aliyefunga waya za nyumba ile ni nani na namba yake kama ameridhia itolewe, mjumbe anakaa nyumba ipi, duka gani hufungua alfajiri.

Haya yote utayapata kwa Mwalimu. Nenda kwake na daftari, kaa naye barazani, muulize. Kwa mtu aliyekaa nyumba moja muda mrefu hivyo, kuulizwa anavyoijua ni heshima. Vijana nao watapokea nyumba ikiwa na maelezo yake, hawatabahatisha. Muulize pia kama angependa kuandika mistari miwili mwishoni. Asipotaka, usimsukume.

Halafu LUKU. Nunua umeme wa elfu ishirini au thelathini kwa namba ya mita ile, tokeni yenye tarakimu zake 20 uitume kwenye simu ya mume, muingize pamoja. Unajua kwa nini nasema wewe uwe wa kwanza kununua? Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023, na miezi ambayo haijanunuliwa umeme hujilimbikiza. Nyumba ikikaa miezi mitatu wakipaka rangi na kusubiri pesa ya mapazia, anayenunua kwanza anakatwa 4,500 kabla hajapata uniti moja. Na kama mita ina deni jingine la zamani, litajitokeza palepale, wewe ukiwepo na namba ya Mwalimu ikiwa bado inapatikana. Bora likukute wewe kuliko wao.

Angalia na balbu. Wauzaji wengine, hata wa milioni mia, huondoka na balbu, antena na ufagio wa chooni. Nunua balbu za kutosha vyumba vyote uziweke kwenye mfuko wako siku hiyo. Ukikuta za nyumba zipo, zako zirudishe dukani.

Kama utataka kitu cha kumpa mke mkononi, doti moja ya kanga. Itamfaa hata hospitali siku yake ikifika, na ni ya mama, si ya mtoto. Kuna familia haipendi mtoto anunuliwe vitu kabla hajazaliwa. Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo utapata za kuchagua mpaka uchoke. Ila tafadhali, usichague kwa rangi. Soma jina. Namjua mama aliyepelekewa kanga nzuri ya kijani na jirani mpya, akaifungua mbele ya wageni ikasomeka "Mwenye wivu ajinyonge". Aliyeileta alipenda maua ya pindo tu, maskini, lakini hawakuzungumza vizuri tena. Chukua kitu cha upole, kama "Wema hauozi", kisha ipeleke kwa fundi cherehani aikate na kuipinda, uikabidhi ikiwa tayari kuvaliwa.

Sasa Mwalimu.

Keki ya "Hongera" futa kabisa. Hongera ya nini? Ameuza nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe kwa sababu miguu haimbebi. Pesa amepata, ndiyo, na huenda ana nafuu moyoni, lakini hujui, na huna haki ya kumwamulia kwamba leo ni siku ya furaha. Mtu anayehama kwa hali ile unampa pole na shukrani kwa pamoja, kwa sauti ya kawaida.

Zawadi yake ya kwanza iwe picha. Na iwahi, kabla mapazia hayajashushwa na makabati kusogezwa, kwa sababu nyumba iliyokwisha kufungwa mizigo haifanani na yenyewe. Tafuta mpiga picha wa harusi asiyekuwa na kazi siku ya wiki, bei atapunguza. Apige Mwalimu akiwa kwenye kiti chake barazani, apige jiko lake, apige nyumba nzima kutokea getini na mwembe ukionekana. Ukiangalia vizuri nyumba za umri ule utakuta mahali fulani, kwenye ngazi au karibu na kisima cha maji, mtu aliandika tarehe kwa kijiti saruji ikiwa mbichi. Kama ipo, ipigwe hiyo kwa karibu. Chagueni moja pamoja naye, ichapishwe kubwa na kuwekwa fremu ya mbao. Nyingine zichapishwe ndogo, bahasha moja kwa kila mtoto. Hii ndiyo itakayomfikia hata yule kijana aliyenuna. Yeye usimpe kitu kingine. Mtu mwenye malalamiko ya bei akipewa zawadi na dalali ataiita ya kuzibwa mdomo, na hatakosea sana. Akikuuliza kuhusu bei, mwonyeshe nyumba jirani ziliuzwa kiasi gani, basi.

Zawadi ya pili ni safari yake. Mizigo mikubwa watoto wataipeleka kwa Fuso, lakini yeye mwenyewe mwenye miguu mibovu asipande juu ya godoro wala asikae basi kutwa nzima. Mkatie tiketi ya treni ya SGR, mpigie simu binti yake ajue anafika saa ngapi, na siku hiyo lipia teksi itakayomtoa mlangoni mpaka stesheni, wewe ukiwemo ndani kubeba mkoba. Tiketi ikatwe kwa jina lake na kwa kitambulisho chake, usikosee herufi.

Kuna ya tatu, ambayo sikulazimishi maana inataka subira: mwembe. Ukipanda kokwa la embe hupati uhakika wa embe lilelile. Lakini mtu wa vitalu vya miche, na wako wengi kandokando ya barabara ya Bagamoyo, anaweza kuchukua vikonyo vya mti ule akavibebesha kwenye mche mwingine, na baada ya miezi kadhaa ukawa na mche wa dodo la Mwalimu hasa. Dodoma miembe inakubali, mradi umwagiliwe mwanzoni. Muulize kwanza kama kwa binti yake kuna kiwanja. Kama wanakaa kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja wa saruji, utakuwa umempelekea huzuni kwenye ndoo. Na vikonyo vichukuliwe kabla ya kukabidhi funguo, kwa ruhusa ya Mwalimu. Baada ya hapo mti una wenyewe wengine, utawaomba wao.

Siku ya kusaini usikabidhi chochote kwa mtu yeyote. Pale kwa wakili watu wanasoma vipengele, wanahesabu sifuri, wanasubiri meseji ya benki. Zawadi ikitokea mezani muda ule, kila upande utaangalia upande wa pili umepewa nini na kujiuliza kwa nini. Mwalimu mpe vyake wiki ya kuondoka, nyumbani kwake, bila vijana. Vijana siku ya funguo, bila Mwalimu.

Na hizo picha za status, nakuomba kwa mikono miwili, usiziweke. Unataka kutangaza kwa watu wote walio kwenye simu yako kwamba kuna mama mjane, mzee, ameingiziwa milioni 95, na nyumba yake ni ile pale yenye mwembe? Hata bila jina, Segerea yote itajua. Matapeli hawahitaji zaidi ya hapo. Wanunuzi nao wana watu wanaowadai, wana ndugu ambao hawajaambiwa. Ukitaka kujitangaza, waombe ruhusa ya kusema tu kwamba umeuza nyumba Segerea, mwezi ukiwa umepita.

Mwenyekiti wa mtaa na afisa wa ardhi: hakuna. Mwenyekiti kama kuna ada ya serikali ya mtaa, ilipwe na risiti ikatwe. Afisa wa ardhi malipo yake hupitia namba ya malipo ya serikali, na faili lako likiwa bado mezani kwake, kanga, kuku, hata soda inabadilika jina. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiulizi kama ulifunga kwa karatasi ya maua. Faili likichelewa, fuatilia kwa barua. Likitoka, sema asante, kwa mdomo.

Kwa hesabu yangu vitasa na umeme vinachukua zaidi ya nusu, picha na fremu zinafuata, tiketi, teksi na kanga vinamaliza kilichobaki. Mche ukiufanya, utauongezea mfukoni. Gharama hazitalingana kati ya Mwalimu na vijana, na haina shida, maana hakuna atakayekaa na mwenzake kulinganisha. Mwenzako mwambie unachofanya ili asisikie pembeni, ila asipochangia jina lake usiliweke, na usimseme kwa wateja.

Kadi ya kuambatanisha iwe fupi. Kwa vijana: "Karibuni nyumbani," majina yao, jina lako. Kwa Mwalimu usiandike kwa kompyuta. Ni mwalimu huyo, ataangalia mwandiko, kwa hiyo andika kwanza kwenye karatasi nyingine, hakikisha hakuna kosa, ndipo unakili.

Mpiga picha mtafute kesho. Alhamisi si mbali, na akishasaini watoto wataanza kuja kuchukua makabati.

Anti